Ulimi wa Fundi Aniello

Mume wangu ni fundi wa mashine za kahawa, zile ndogo za nyumbani, za mkono. Nasema za mkono makusudi, maana siku hizi zipo za vidonge vya kahawa, unabonyeza kitufe inakukojolea kikombe. Aniello akiletewa moja ya hizo huirudisha kwenye mfuko wake na kumwambia mwenyewe, kwa adabu zote, kwamba muuza vyombo vya umeme yuko mtaa wa pili.

Mashine ya mkono haina mambo mengi. Ina tangi dogo la shaba lililopakwa chuma kinachong'aa, ina chujio lenye mpini, na ina mkono wa kuinua na kushusha. Ukiinua, maji ya moto yanaingia kwenye kahawa. Ukishusha, bega lako ndilo linaloyasukuma yapite. Ukishusha kwa pupa unapata maji machafu. Ukisitasita unapata masizi. Mama yangu alikuwa akipikia kile kibirika cha bati cha kugeuza juu chini, baadaye tukapata kile cha kuwekwa jikoni kinachokoroma, na nilipokuwa mtoto huku kusini, mtaani kwetu Materdei, mashine ya mkono ilikuwa katika nyumba mbili tu: kwa daktari, na kwa mwanamke mmoja ambaye tulikatazwa kuuliza anaishi kwa kazi gani. Tulikuwa tukisimama ngazini kunusa. Kahawa ya nyumba hizo ilikuwa na povu la rangi ya ngozi ya tende, kama ya mkahawani, na sisi tulidhani povu hilo ni la watu waliosoma.

Aniello alikwenda kaskazini akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye kiwanda kilichokuwa kikitengeneza mashine hizo nje ya Milano. Walimweka kwanza kung'arisha matangi, kazi ya kumeza vumbi, kisha msimamizi mmoja mzee akagundua kwamba kijana ana ulimi. Akahamishiwa kwenye meza ya majaribio. Miaka minne alikaa pale akionja kahawa na kutema kwenye ndoo. Kahawa kali ya kuchachuka, maji hayajapata moto wa kutosha. Chungu ya kukwaruza, yamezidi. Ikiwa na ladha ya sarafu, kuna mahali shaba haikusafishwa. Alikuwa akionja mara moja anasema ugonjwa, na wakifungua mashine wanaukuta hapohapo aliposema. Mpaka leo akikusimulia habari hizo hukaa wima.

Alirudi mwaka themanini na moja kunioa. Wenzangu waliletewa dhahabu, mimi nililetewa mashine ya kahawa yenye kibonyeo tumboni, maana iliyobonyea wafanyakazi waliuziwa kwa bei ya chini. Nikamwambia, "Bwana wewe, hii ndiyo mahari au ni ajali?" Akasema, "Subiri asubuhi." Asubuhi akaniletea kitandani glasi ya maji, kisha kikombe kilichotoka kwenye sufuria ya maji yanayochemka, cha kuunguza midomo. Matone ya kwanza alikuwa ameyapiga na vijiko viwili vya sukari mpaka yakawa uji mzito, akamwagia kahawa iliyobaki juu yake. Akasimama pale na fulana yake, akauliza, "Vipi?"

Nikasema, "Nzuri."

Kwa miaka arobaini na moja ameuliza vipi, nami nimejibu nzuri.

Basi akafungua karakana chini ya jumba letu, chumba kimoja chenye mlango wa kukunja, sisi tukakaa ghorofa ya tatu. Chakula chake cha mchana nilimteremshia kwa kapu la kamba dirishani, kama wanawake wote wa mtaa wanavyofanya na mkate na magazeti. Watu walimletea mashine za mama zao, za bibi zao, zilizokaa darini miaka ishirini na panya ndani. Alibadilisha mipira iliyokauka, alifungua matangi, aliyajaza maji na unga wa ndimu yakae siku mbili tatu ili chokaa ya maji iachie. Kisha anasuuza. Anasuuza, anapika, anaonja, anamwaga, anasuuza tena, mpaka ndimu imetoka yote. Sheria yake ilikuwa moja: mashine haitoki mlangoni kabla hajanywa kahawa yake akairidhia. Na siku moja fundi mwenzake alipopoteza macho akaendelea kushika bisibisi kwa kupapasa, Aniello alisema mbele ya watu, mdomo wake mwenyewe, "Fundi asiyeweza kuonja kazi yake ni muuza vyuma chakavu. Siku ulimi wangu ukinikimbia, nafunga mlango."

Maneno kama hayo mtu anayasema akiwa mzima.

Januari ya mwaka wa arobaini na moja tuliugua wote wawili ugonjwa ule wa barakoa. Mimi nilikohoa wiki moja, nikaamka, nikarudi kugombana na watu. Aniello naye aliamka, akarudi karakana, sikuona tofauti. Mpaka asubuhi moja maziwa yakaungua jikoni, moshi umejaa, mimi nasikia harufu kutoka chumbani, nakimbia, namkuta mume wangu amekaa meza ileile akisoma habari za mpira. Nikamwangalia. Akasema, "Mbona unakimbia?"

Nikazima jiko, nikafungua dirisha. Kesho yake nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nilimwambia alale, leo kahawa napika mimi, nikatia kwenye chujio kahawa ya shayiri, ile wanayopewa watoto na wagonjwa wa moyo. Mbwa angeitambua. Nikampa. Akanywa, akafumba macho kama kawaida yake, akasema, "Leo imekaza vizuri."

Niliingia bafuni nikafungua bomba ili asinisikie, nikalia.

Mtanambia, Fortuna, wewe na mdomo wako huo, mbona hukusema? Mimi ni mtu ambaye nimemwambia padri kwamba mahubiri yake ni marefu. Lakini lile neno sikuweza. Nilijua nikilitamka tu atashuka chini, atavuta mlango, atafunga kufuli, maana alikwisha sema mbele ya watu. Na Aniello bila karakana ni nani? Atakaa dirishani akihesabu pikipiki. Nimewaona waume wa wenzangu waliostaafu, wanakufa kabla ya kufa. Nikaona afadhali niufiche ugonjwa wake kama yeye anavyouficha, kila mmoja akimficha mwenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua, naujua usemi huo, lakini niliupuuza.

Alikuwa ametafuta njia zake. Aliangalia rangi ya povu, alihesabu sekunde, alitega sikio. Na zaidi ya yote alitazama nyuso. Alikuwa hanywi tena peke yake. Anampa mwenye mashine kikombe cha kwanza, anainua chake, na juu ya ukingo wa kikombe macho yake yako kwa yule mtu. Akiona paji la uso limelegea, anasema, "Eeh, imekubali." Akiona limekunjamana, anasema, "Ngoja, bado kidogo." Watu walidhani ni heshima.

Nami nikawa mnywaji mkubwa wa kahawa ghafla. Kila mashine ikisuuzwa, nashuka. Naomba kikombe, nasema nimechoka, nasema nina usingizi, nasema ghorofani kumeisha sukari. Naonja. Ikiwa na ndimu nakunja uso kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka deni, naye ananiona, anasuuza tena. Vikombe saba kwa siku, vinane. Mwezi wa sita moyo wangu ulianza kudunda mpaka kwenye masikio, nikaenda kwa daktari. Akaniuliza, "Mama, unakunywa kahawa ngapi?" Nikamwambia mbili. Akanitazama, akaandika mbili.

Hivyo ndivyo tulivyofika Oktoba.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Liborio, dereva wa basi mstaafu, alileta mashine yake Jumatatu. Mpira wa mkono ulikuwa unavuja. Aniello akasema tangi nalo lina chokaa, akalijaza maji na unga wa ndimu. Jumatano alfajiri Liborio akafa, kwa moyo, akiwa amekaa kitandani anavaa soksi. Mkewe Elvira ndiye aliyetuita, na alituita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Tangu hapo hakulia. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono kwenye magoti, hali, hanywi, hajibu. Usiku wa kukesha wanawake walilia kwa niaba yake, yeye akiwatazama. Nikaogopa. Mtu asiyelia msiba wake, msiba humla kwa ndani.

Sasa kwetu nyumba iliyofiwa haiwashi moto. Majirani ndio wanaoleta chakula, na kabla ya chakula, kahawa, imeshatiwa sukari, mwenye msiba asisumbuke hata kukoroga. Mama yangu alinifunza na adabu yake: kahawa ya matanga hainenwi. Iwe baridi, iwe nyepesi, unakunywa, unashukuru, unaweka kikombe chini. Haikuletwa uisifu.

Siku ya mazishi Aniello alinikamata mkono kwenye lango la makaburi. "Narudi mbele yenu," akasema. "Nataka mtakapofika mkute kahawa. Nitaipika kwa mashine ya Liborio mwenyewe. Nimeshaitia mpira mpya."

"Si upike kwa yetu," nikasema.

"Liborio amekunywa kwa ile miaka hamsini. Leo watu wanywe kwa ile." Akavaa kofia, akaondoka.

Alikuwa ameshapita lango ndipo nikakumbuka. Tangu Jumatatu. Ndimu iko ndani ya tangi tangu Jumatatu, na sijashuka kuonja, nani angeshuka kunywa kahawa na maiti iko ghorofani. Nilitaka kumkimbilia. Lakini Elvira alikuwa ameniegemea, mkono wake umenishika kwapani, na padri alikuwa hajamaliza. Maombi yale yote yalinipita. Nilimwomba Mungu, naye anajua, si kwa ajili ya roho ya Liborio. Nilikuwa nasema, mpe Aniello akili ya kusuuza mara saba.

Tulipofika nyumbani ngazi zilikuwa zimejaa. Watu kama ishirini, wengine chumbani kwa Elvira, wengine kwetu, milango yote miwili wazi. Na Aniello katikati, shati jeupe, chupa ya kahawa mkononi, anamimina. Walikuwa wameshakunywa karibu wote. Niliwatazama haraka haraka nyuso. Hakuna aliyekunja. Pupetta wa ghorofa ya chini, ambaye huirudisha supu mkahawani, alikuwa ameshika kikombe kitupu na uso mtulivu kabisa. Roho yangu ikatulia. Nikasema, alhamdulillahi ya kwetu, amesuuza.

Akanipa changu. Nikanywa.

Ilikuwa ndimu. Si chembe, si harufu. Ilikuwa ndimu, sukari, na kahawa inapita kwa mbali. Meno yalishikwa ganzi. Na nikaelewa kwamba mume wangu alikuwa ametazama nyuso ishirini, moja baada ya nyingine, na nyuso zote zilimwambia imekubali, kwa sababu sisi tumefunzwa na mama zetu.

Alikuwa na furaha. Ndiyo iliyoniuma. Akamwambia Pupetta, "Mashine ya Liborio haijawahi kutoa kahawa namna hii."

"Kweli, Don Aniello," akasema Pupetta, kwa ile Don yetu ya heshima. "Haijawahi."

Kisha akamimina kikombe kingine, akaenda nacho moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha Elvira. Nikamfuata. "Hiyo imepoa," nikasema, "lete nimpikie nyingine." Elvira alikuwa hajatia kitu kinywani siku mbili, nikafikiri hili likimfika tumboni litamuua. Lakini alikuwa ameshaipokea. Akanywa. Akakishusha kikombe, akakitazama ndani.

"Ndimu," akasema.

Hilo ni neno ambalo halisemwi, na aliyelisema ndiye mwenye msiba.

"Ndimu," akasema tena. "Liborio huyo. Kila mwaka alikuwa anasafisha mwenyewe, nyumbani, hataki kukupa wewe, Don Aniello, mpaka mkono ulipomshinda. Anatia ndimu, halafu anasuuza mara moja tu, anaonea maji huruma. Wiki nzima nilikuwa nakunywa hivi. Miaka yote. Anauliza, imetoka, nasema imetoka." Hapo akalia. Alilia mpaka kikombe kikamdondoka, wanawake wakamzunguka, na mimi nilisema moyoni afadhali, afadhali, toa yote mama.

Aniello alikuwa bado amesimama na chupa yake. "Ndimu gani?" akauliza. Akamtazama Pupetta, Pupetta akatazama viatu vyake. Akamtazama mwingine, mwingine. Hakuna jicho lililokutana na lake. Basi akageuka kwangu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Fortuna. Ina ndimu?"

Ningeweza kudanganya. Miezi minane nilikuwa fundi wa hilo. Lakini aliniuliza kwa jina, mbele ya watu, na nikaona kwamba nikimdanganya sasa hatakuwa na mtu wa kumwuliza tena duniani.

"Ina," nikasema. "Nyingi."

Aliweka chupa mezani. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Tangu Januari sisikii kitu," akasema, si kwangu, kwa wote. "Si harufu, si ladha. Nisameheni. Donna Elvira, nisamehe. Kesho nafunga mlango."

Pupetta hawezi kunyamaza hata makaburini. "Ngoja kwanza," akasema. "Mashine yangu umeitengeneza Agosti. Kahawa yake tamu mpaka dada yangu ananionea wivu. Uliionja na nini?"

Aniello akawaza. Nilimwona akiwaza: Agosti, karakana, mimi nikishuka kwa mara ya nne nikidai nina usingizi saa tano asubuhi. Akageuza kichwa polepole.

"Niliionja mimi," nikasema.

Siku mbili hakunisemesha. Mlango wa karakana ulikuwa umevutwa chini, na asubuhi hakukuwa na kahawa, mara ya kwanza tangu tuoane. Siku ya pili, mchana, niliweka maharage mezani akasema bila kuniangalia, "Umenifanya mtoto. Miezi minane unanifuta pua."

"Na wewe umenifanya mjinga," nikamwambia. "Nilikupa shayiri, Aniello. Shayiri. Ukasema imekaza vizuri. Miaka arobaini tunalala kitanda kimoja, wewe unaamka huna ulimi, hunambii? Ungepoteza mguu ungenificha pia, ungesema umeuacha karakana?"

Alitaka kukasirika, akashindwa. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utafunga."

"Na mimi niliogopa utaniambia nifunge."

Tulikula maharage. Nilikuwa bado na hasira, lakini nilimwongezea mafuta ya zeituni bila kuulizwa.

Aliyefungua mlango ule ni Elvira. Alishuka siku ya nane baada ya mazishi, na nguo zake nyeusi, akagonga bati la mlango kwa fimbo ya Liborio mpaka Aniello akashuka. Mimi nilikuwa dirishani, goti langu linauma.

"Nataka mashine yangu," akasema.

"Chukua, Donna Elvira. Sikutozi kitu."

"Nasikia una sheria. Mashine haitoki haijaonjwa."

"Ulimi sina. Umeona mwenyewe."

"Mtaa mzima unajua ulimi wako uko ghorofa ya tatu." Akainua kichwa. "Donna Fortuna, teremsha kapu."

Nikateremsha. Kapu hilo nimeliteremsha mara elfu kumi, lakini siku hiyo liligonga kila kibaraza. Aniello alisimama kidogo, kisha nikamsikia akiwasha mashine, nikasikia mkono ukishuka, ule mlio wake wa kupumua. Akatokea na kikombe kilichofunikwa kisahani, akakiweka kapuni, nikakivuta taratibu, ghorofa ya kwanza, ya pili, mtaa mzima umetoa vichwa nje. Kilichofika kilikuwa nusu, nusu nyingine iko kapuni. Nikaonja.

"Bado," nikasema.

"Bado namna gani?" akauliza kutoka chini.

"Bado ndimu."

"Mwanzoni au mwishoni?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwahi kuonja kitu maishani mwangu. Nilikuwa najua nzuri na mbaya tu. Nikarudi kwenye kikombe, nikanywa kidogo, nikafumba macho kama afanyavyo yeye. "Mwishoni," nikasema. "Pembeni mwa ulimi."

"Basi imebaki kwenye chujio," akasema, na ile sauti yake ya kukaa wima ilikuwa imerudi. "Tangi liko safi. Nipe dakika tano."

Kikombe cha tatu ndicho kilichokuwa safi. Pupetta alipiga makofi kwenye kibaraza chake, nikamwambia anyamaze, hapa watu wako kazini. Elvira akabeba mashine yake kifuani, ngazi hadi ngazi, hakutaka msaada.

Kesho yake asubuhi Aniello alikuja na glasi ya maji, kisha kikombe cha kuunguza. Vijiko viwili vya sukari, vimepigwa mpaka vikawa uji, kama siku ya kwanza. Akasimama na fulana yake. "Vipi?"

Nikafungua mdomo kusema nzuri. Kisha nikaonja kwanza.

"Aniello," nikasema, "mimi sipendi sukari."

Akanitazama. "Leo?"

"Tangu themanini na moja."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilidhani nimemvunja. Mabega yakaanza kutikisika, na nilipomshika nikaona anacheka, machozi yanamtoka, anacheka bila sauti. "Miaka arobaini na moja," akasema. "Na unanambia sasa, ambapo hata nikionja sitajua umekosa nini." Akanipokonya kikombe, akarudi jikoni. Nikamsikia akigonga chujio, akitia kahawa upya, akiinua mkono.

Akaniletea kingine, cheusi, povu juu, hakuna kitu ndani yake. "Sema," akasema. "Usiseme nzuri. Mimi huko siwezi kufika tena, niambie kukoje."

Nikanywa. Nikatafuta maneno, naye alisubiri.

"Chungu," nikaanza.

"Chungu kama nini?"

Nikanywa tena ili nimjibu.